Mwaka Ambao Hatukuwanawisha Wageni

Barasa aliponipigia simu kunieleza kwamba Mwalimu Ndirangu ametuacha, nilikuwa na mota ya pampu mezani, nimeifungua nusu, na kitu cha kwanza kunijia hakikuwa machozi bali swali. Nilijiuliza kama mzee ameondoka nalo jibu nililolitafuta tangu nikiwa mwanafunzi. Sisemi hivi kwa kuwa sikumpenda. Nilimpenda, na jioni ile nilifunga karakana mapema nikakaa nyumbani bila kuwasha redio. Lakini kazi yangu hapa Kibomet ni kusuka waya mpya ndani ya mota zilizoungua, na kabla ya kusuka upya lazima ujue moto ulianzia wapi, la sivyo mteja atakurudia na mota ileile. Tabia hiyo haibaki karakanani mtu akifunga mlango. Swali lenyewe ni dogo, na wengi niliowahi kuwauliza walicheka. Mwaka ule wa mechi mbaya, nani aliamua kwamba wachezaji wa Bungoma wasinawishwe mikono?

Chuo chetu kilikuwa cha ufundi, ukingoni mwa mji wa Kitale, na mahasimu wetu walikuwa chuo cha namna hiyohiyo kule Bungoma. Kila mwaka tulicheza nao mara mbili, kwetu na kwao, na kwa wiki hizo ilikuwa kama vile vyuo vingine vyote nchini havipo. Mwalimu Ndirangu alifundisha useremala na ndiye aliyekuwa kocha wetu. Ijumaa kabla ya mechi alituita kwenye karakana ya useremala, tukaketi juu ya meza za kazi, miguu ikining'inia juu ya maranda, akatugawia wageni. Hilo ndilo lilikuwa neno lake. Hakusema utamkaba namba tisa. Alisema mgeni wako ni namba tisa. Na alikuwa mgeni kweli, maana baada ya mechi timu zote mbili zilikula pamoja katika bwalo la wenyeji. Kila mwenyeji alichukua jagi la maji ya vuguvugu na beseni, akamnawisha yule aliyemkaba mchana, akampakulia ugali, kisha akaketi mkabala naye mpaka mgeni ashibe. Tukienda Bungoma nao walitufanyia vivyo hivyo. Niliuliza wanafunzi waliotutangulia mila hiyo ilianza lini, na hakuna aliyejua. Waliikuta.

Nilikuwa kipa wa akiba, kwa hiyo mgeni wangu alikuwa kipa wa akiba wa Bungoma, kijana mwembamba ambaye hatukuwahi kukaribiana uwanjani hata mara moja. Mwaka wangu wa kwanza nilimnawisha kwa makini kana kwamba tulikuwa tumepigana. Alikula polepole, akanyonya kila mfupa, halafu akaniambia, "Si unaona, bana, sisi wawili ndio tumecheza vizuri leo. Hakuna bao imepita kwetu." Meza ya pili, Barasa alikuwa akimmiminia maji Sikuku. Barasa alikuwa beki wetu wa kushoto, mtu mkubwa, mpole, asiyejua kufanya mzaha, na tulipanga naye chumba kimoja mtaani Tuwan. Sikuku alikuwa winga wa Bungoma, namba saba, mwenye kasi ya kutisha na mdomo usiotulia. Nakumbuka akimwambia Barasa, "Mchana umenikanyaga, sasa mimina pole pole, usiniunguze pia." Bwalo zima lilicheka, na Barasa akatazama beseni. Usiku ule aliniambia jambo ambalo nililiona la kawaida wakati huo. Alisema kuna mpira mmoja kipindi cha pili angeweza kumwangusha Sikuku vibaya, lakini akakumbuka kwamba jioni angemtazama usoni akiwa ameshika jagi, mguu wake ukasita wenyewe.

Nimefikiria sana juu ya mguu huo uliosita. Nilitoka chuoni bila cheti mwishoni mwa mwaka ninaousimulia, na mengi ninayoyajua leo niliyasoma peke yangu, katika vitabu vya mitumba na miongozo ya mashine iliyotupwa. Nimesoma kuhusu mikondo ya umeme, nimesoma kidogo kuhusu sheria, na nimesoma kurasa nyingi za watu wanaoeleza kwa nini binadamu huumiza mwenzake. Sijapata mahali palipoeleza vizuri kuliko Barasa, akiwa amelala chali kwenye kitanda cha kamba, akinung'unika kwamba stovu imekwisha mafuta.

Chumba chetu cha Tuwan kilikuwa cha mabati, na ukuta wa upande mmoja ulikuwa mbao zilizofunikwa magazeti. Ng'ambo ya ukuta huo aliishi mama mmoja aliyekaanga samaki na kuwauza stendi, ambaye hakuwahi kuja uwanjani lakini alijua matokeo yote, kwa sababu wateja wake walibishana mbele ya karai lake kutwa nzima. Yeye ndiye aliyetuambia kwanza. Alitubishia ukutani akauliza kama ni kweli mwaka huu watu wa Bungoma hawalishwi. Tukasema hatujasikia. Akasema basi kaeni hapo, na mnajiita wanafunzi.

Ijumaa ile karakana ilikuwa na harufu ileile, na meza zilikuwa zilezile, ila Mwalimu Ndirangu hakutugeukia. Alikuwa akinoa ulimi wa randa kwenye jiwe, akausukuma na kuurudisha, na akatugawia namba akiwa ametupa mgongo. Barasa, utamkaba namba saba. Fulani, utamkaba namba kumi. Neno mgeni halikutoka mdomoni mwake hata mara moja. Nahodha wetu alipouliza habari ya chakula, Mwalimu alisema wageni watakula mkate na soda kwenye basi lao, kisha warudi kwao mapema. Hakutoa sababu, na katika chuo neno lisilo na sababu halikai peke yake kwa muda mrefu. Kabla ya chakula cha jioni sababu zilikuwa tele: eti mkuu mpya wa chuo anabana matumizi, eti mwaka uliopita wa Bungoma waliiba vijiko, eti wa Bungoma wenyewe wamekataa kula ugali wetu. Niliamua kwenda jikoni kuuliza. Mpishi mkuu, mama aliyeitwa Nafula, alikuwa akichambua mrenda, na alinijibu bila kuinua kichwa. "Mimi sijakatazwa kupika. Nimekatazwa kupika nyingi." Nikamuuliza nani amemkataza. Akasema, "Mtoto, shika kisu ukate kitunguu ama utoke."

Mechi yenyewe siwezi kuieleza kwa haki, kwa sababu niliitazama kutoka benchi, na mtu wa benchi huona upande mmoja tu vizuri. Kwa bahati mbaya upande huo ulikuwa wa Barasa. Tangu mwanzo kulikuwa na kitu kimelegea. Watu waliokuwa wakisalimiana kwa majina sasa waliitana kwa namba. Beki wa Bungoma alimtemea nahodha wetu mate, na mshambuliaji wetu akamkanyaga kipa wao mkono akiwa chini, na wote wawili walirudi kwenye nafasi zao kama watu waliofanya kazi waliyotumwa. Refa alikuwa na filimbi lakini hakuwa na ujasiri. Sikuku naye alikuwa katika siku yake. Alimpita Barasa ndani, akampita nje, akampitisha mpira kati ya miguu, kisha akageuka akamwambia kwa sauti ya kusikika mpaka kwetu, "Beki, mama yako anajua uko hapa?" Mwaka uliotangulia angesema hivyohivyo, na jioni wangecheka juu ya ugali. Sasa maneno yale yalikaa juu ya Barasa, na hapakuwa na meza ya kuyashushia.

Wakati wa mapumziko tuliingia karakana ya useremala, tukiwa tumefungwa bao moja. Mwalimu Ndirangu hakuwa mtu wa kelele, na hata siku hiyo hakupiga kelele. Alisimama mbele ya Barasa, akamwambia kwa sauti ambayo kila mmoja wetu aliisikia: "Huyo namba saba akitoka uwanjani kwa miguu yake mwenyewe, wewe hutaichezea timu hii tena." Barasa alisema ndiyo, Mwalimu. Mtu mmoja akaomba maji. Tukatoka.

Sauti ya mguu wa Sikuku ukivunjika sitaifananisha na kitu chochote. Mpira ulikuwa umeshapita Barasa alipomkanyaga. Hilo ni muhimu, na Barasa mwenyewe hajawahi kulikana. Yaliyofuata yalikuwa ya pande zote mbili. Wa Bungoma walimvamia Barasa, wetu wakawavamia, mawe yakaanza kutoka upande wa wanafunzi, refa akakimbilia bwenini, na Mwalimu Wanyonyi, kocha wa Bungoma, alionekana akimshika shati nahodha wetu kwa mikono miwili. Sikuku alilala palepale akizungukwa na vumbi, na waliomfikia kwanza hawakuwa wachezaji bali wapishi. Nafula alikuja na mlango wa mbao kutoka karakana, wenye bawaba bado, wakamlaza juu yake wakambeba hadi kwenye gari la chuo.

Usiku huo Barasa hakulala. Mimi nilipika ugali na sukuma, nikala wa kwangu, wa kwake nikaufunika. Ilikuwa wazi chuo kingehitaji mtu wa kufukuza, na wazi pia ni nani. Barasa alikuwa amebakiza muhula mmoja tu apate cheti cha umeme wa magari, na gereji moja mjini ilikuwa imeshamwahidi kazi. Nilimuuliza kama atasema alichoambiwa pale karakana. Akajibu, "Kwani Mwalimu ndiye alikuwa na mguu?"

Vyuo viwili viliunda baraza la pamoja, likaketi kwenye maktaba ya chuo cha Bungoma. Mshtakiwa aliruhusiwa kuja na mwenzake mmoja, naye akanichagua mimi, nadhani kwa sababu sikuwa nimecheza. Waliniweka kwenye benchi la nje, chini ya madirisha ya vioo vya kufunguka kwa mkono, na vioo viwili vilikuwa vimevunjika, kwa hiyo nilisikia kila kitu. Niliona pia, nilipoinuka kidogo. Ndani kulikuwa na meza ndefu iliyonukia mafuta ya kung'arisha mbao, rafu zisizojaa vitabu, na chupa ya chai ambayo hakuna aliyeigusa. Wakuu wa vyuo walikaa kichwani. Makocha wawili waliketi wakitazamana. Barasa alisimama.

Walimuuliza kama alikusudia. Akasema ndiyo. Walimuuliza kama kuna aliyemtuma. Akasema hapana. Mkuu wa chuo chetu akafunga kalamu yake, nikajua neno linalofuata ni kufukuzwa. Hapo Mwalimu Ndirangu akasimama, ingawa hakuwa ameulizwa. Alisema kijana anadanganya. Akarudia sentensi yake ya karakana, neno kwa neno, kama mtu anayesoma ubao, hata ile sehemu ya miguu yake mwenyewe. Kisha akasema, "Kama mnatafuta aliyevunja mguu, mmempata huyo. Kama mnatafuta aliyeamua uvunjwe, ni mimi. Msimfukuze mmoja mkamwacha mwingine." Mkuu wa chuo cha Bungoma, aliyekuwa mwenyekiti, akamgeukia Mwalimu Wanyonyi, akamuuliza kama yeye, kwa niaba ya majeruhi, ana neno. Wanyonyi alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, akaivaa. Akasema, "Sina la kuongeza."

Niliiona ile miwani ikifutwa na nikaona kwamba haikuwa chafu. Sikujua nifanye nini na jambo hilo, kwa hiyo nililiweka tu.

Barasa alisimamishwa masomo mpaka mwisho wa muhula, kisha akarudi akamaliza. Mwalimu Ndirangu alinyang'anywa timu siku ileile, na kazi ya kufundisha aliiacha mwenyewe kabla hawajamtoa. Timu zote mbili zilifungiwa kucheza sehemu ya mwaka iliyobaki, ya Bungoma kwa ngumi, yetu kwa yote. Mkuu wetu alitoa hotuba kuhusu nidhamu ya wachezaji. Neno kocha halikuwemo.

Kabla ya kuhama, Mwalimu Ndirangu alikuja Tuwan, kitu ambacho walimu hawakufanya. Aliinama kuingia chumbani, akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akala githeri tuliyokuwa nayo, akatuambia Jumapili tujitayarishe. Alikuja na jagi la bati na taulo jipya. Mimi nilipewa beseni. Tulipofika hospitalini Bungoma, wauguzi walitutazama kama watu waliopotea njia. Sikuku alikuwa kitanda cha dirishani, mguu umefungwa plasta mpaka nyongani, na alipomwona Barasa alikunja mikono yake akaiingiza chini ya blanketi. Mwalimu hakuhutubu. Alimwambia, "Hukunawishwa siku ile. Tumekuja." Sikuku aligeukia ukuta. Tulisimama pale, mimi na beseni, Barasa na jagi, mpaka maji yakapoa, kisha tukaondoka. Jumapili iliyofuata tulirudi. Sikuku alitutazama kwa muda mrefu, akauliza kama kocha wake mwenyewe ametutuma. Mwalimu Ndirangu akasema hapana. Sikuku akatoa mkono mmoja. Barasa aliunawisha mkono huo mmoja, vidole vyote, mbele na nyuma, na machozi yake yakadondoka kwenye beseni nililolishika, nami nikajifanya naangalia dirishani. Mkono wa pili aliutoa Jumapili nyingine, akisema, "Haya, na huu, lakini ugali yenu ya siku ile bado nawadai."

Mguu haukupona sawasawa. Hakucheza tena. Alisomea mambo ya kilimo akafungua duka la dawa za mifugo na mbegu Bungoma, na yeye na Barasa wakawa watu wa kutembeleana. Mwalimu Ndirangu alinunua shamba dogo Naitiri, akalima mahindi na kutengeneza vitanda na majeneza. Nilimtembelea mara nyingi. Siku moja, akiwa anapiga randa ubao, nilimuuliza swali langu: ni nani aliyeondoa chakula? Alipiga randa mpaka mwisho wa ubao, akapuliza maranda, akasema, "Maji yalikuwa machache mwaka ule." Mwaka ule mvua ilinyesha Kitale mpaka mahindi yakaoza. Tulijua wote wawili. Sikumuuliza tena.

Basi nilikwenda Naitiri kumzika nikiwa na huzuni na nikiwa na swali. Hema lilikuwa limejaa, watu wa kanisa lake wakiimba, wajukuu wakigawa maji ya chupa. Jeneza lilikuwa la kununuliwa, lenye vishikio vya kung'aa, na Barasa aliniambia sikioni kwamba mzee angeling'oa misumari alirekebishe. Sikuku alifika na pikapu yake, akashuka kwa ule mwendo wake wa kuinamia kushoto, akazunguka akamfungulia mlango mzee mmoja aliyekuwa ameketi karibu naye, akamshika mkono mpaka kwenye kiti. Ilinichukua muda kumtambua Mwalimu Wanyonyi. Alikuwa amekonda, na miwani ilionekana kubwa usoni. Barasa alinieleza kwamba tangu Wanyonyi afiwe na mkewe, na watoto wake wakiwa mbali, Sikuku ndiye humpeleka kliniki, ndiye humletea unga. "Anamwita baba," alisema.

Baada ya maziko chakula kilipangwa kwenye meza ndefu, wali, ugali, nyama, kabichi. Kando ya ua palikuwa na mapipa ya plastiki yenye bomba, kama ilivyo siku hizi kila mahali, na watu walipanga foleni wakijinawia wenyewe. Niliketi kwenye benchi karibu na Mwalimu Wanyonyi, nikajitambulisha. Alikumbuka: yule kipa wa pale nje ya maktaba. Tukaongea habari za mvua na bei ya mbolea. Kisha nikamuuliza, kwa mazoea tu kama nilivyowauliza wengine wote, bila kutegemea kitu.

"Ni mimi," alisema.

Alinieleza polepole, na alikuwa amekwisha kuyapanga maneno yake, nadhani kwa miaka. Walikutana hotelini Kimilili, yeye na Ndirangu, katikati ya njia. Vyuo vyao vilikuwa havijachukua kombe kwa muda mrefu, na yeye Wanyonyi aliona sababu ni ile meza. Vijana walipendana mno. Walikabana kama mashemeji, kisha wakikutana na timu za mbali zisizo na mila hiyo, wanapondwa. Alimwomba Ndirangu waondoe chakula msimu mmoja, waone kitakachobadilika. Ndirangu alikataa. Yeye Wanyonyi akamwita mwoga. Walipofika kikombe cha pili cha chai, Ndirangu akakubali.

Nilimsikiliza na nikaona jinsi hoja ilivyokuwa nzuri. Hilo ndilo lililonishangaza zaidi. Kila mwezi huletewa mota ambayo mwenyewe aliona fyuzi inakatika katika, inamchelewesha, akaitoa akafunga waya mnene mahali pake. Na kwa siku kadhaa mota huwa inakwenda vizuri kuliko zamani. Mtu huyo si mjinga. Ameona sawasawa kwamba fyuzi inamzuia. Hakujiuliza inamzuia na nini.

"Na kule maktaba?" nilimuuliza.

"Kule maktaba nilingoja Ndirangu anitaje. Hakunitaja. Nikasema moyoni, basi, amenisamehe. Lakini nani alimwambia anisamehe mguu wa mtu mwingine?" Alimtazama Sikuku, aliyekuwa kwenye foleni ya maji akimchokoza Barasa juu ya tumbo lake. "Huyo ndiye amenileta hapa. Ndiye atanirudisha. Sasa wewe umepata jibu lako. Mimi nifanye nini na langu?"

Aliegemea fimbo akasimama, akatembea mpaka nyuma ya nyumba, kwa akina mama waliokuwa wakipika. Nilimfuata kwa sababu ardhi ilikuwa na utelezi. Aliomba jagi na beseni. Mama mmoja akamwambia, "Mzee, maji iko pale kwa bomba, kila mtu ananawa pale." Akasema anajua. Wakatazamana, wakampa jagi la plastiki la kijani, na mjane wa Mwalimu Ndirangu mwenyewe akalijaza kutoka kwenye sufuria ya maji ya moto, akapunguza kwa baridi, akajaribu kwa kidole. Mzee alinikabidhi beseni. "Kipa, shika."

Foleni ilitupisha. Sikuku alipotuona alitabasamu kwanza, akidhani ni heshima kwa marehemu, akanyoosha mkono kulichukua jagi kwa mzee. Wanyonyi alilivuta.

"Sikuku. Chakula cha mwaka ule, mimi ndiye niliomba kiondolewe. Ndirangu alikataa, nikamshawishi. Halafu nikanyamaza."

Tabasamu lilibaki usoni mwa Sikuku kidogo, kama taa ambayo umeme umekatika na waya bado una joto. Alimtazama Barasa. Barasa alitikisa kichwa, hakuwa akijua. Kisha Sikuku aliingiza mikono yake katika mifuko ya koti.

"Miaka hii yote, Mwalimu? Na kwangu unakuja unakula?"

"Miaka hii yote."

Mzee aliinamisha jagi, maji yakamwagika kwenye beseni kidogo kidogo. Maji yaliendelea kupungua jagini. Yalipokaribia nusu, Sikuku alitoa mikono yote miwili akaikinga. Mzee alimnawisha, vidole, viganja, mpaka kwenye vifundo. Taulo halikuwepo. Sikuku alikung'uta mikono, akapita meza ya chakula bila kuigusa, akaelekea kwenye pikapu yake kwa mwendo wake wa kushoto, akaingia kwenye usukani akafunga mlango.

Wanyonyi alinipa jagi. Akamwendea Barasa karibu na meza, akachukua sahani tupu, akamuuliza kwa sauti ya chini Sikuku anapenda nini. Mzee ambaye Sikuku alimlisha kwa miaka alikuwa hajui. Barasa alijibu bila kufikiri, kama mtu aliyeulizwa jina lake. "Ugali kidogo. Nyama isiyo na mafuta, na mfupa mmoja wa kunyonya. Kabichi hapana."

Mzee alipakua hivyohivyo. Fimbo mkono mmoja, sahani mkono wa pili, akashuka kuelekea kwenye pikapu, mchuzi ukimwagika ukingoni kila alipoteleza. Nilitaka kwenda kumsaidia, Barasa akanishika bega. Alikuwa bado hajafika nusu ya njia tulipomwona Sikuku akiinama kutoka kwenye usukani, akasukuma mlango wa upande wa pili, akauacha wazi.